Jioni ya Mkwiro Ilikuwa ya Siku Gani

Wala sikunyamaza kwa hasira, Mejumaa. Jana uliposimama kwenye mlango wa jikoni ukasema ukishaondoka hapa hurudi tena, nilikuwa na mwiko mkononi na neno mdomoni, na lile neno likakataa kutoka. Wewe ukadhani nimekubali. Sikukubali, mwanangu. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, nawe ukaondoka zako kuanua nguo, na nilipokufuata uani nikakukuta unaikunja sketi yako ya shule polepole, kama mtu anayekunja nguo ya marehemu.

Leo umekwenda Matuga kumuaga bibi yako. Bakari ameiacha cherehani yake, amepeleka suruali za wateja Ukunda. Alasiri imeshapita, nyumba imetulia, na mimi nimekaa barazani pale unapopenda kukaa wewe, nimeweka ubao wa kukatia mboga mapajani, naandika juu yake. Nikimaliza nitaikunja barua hii niitie ndani ya begi lako, katikati ya ile kalenda yenye namba za siku. Nimepachagua hapo kwa makusudi. Nguo hutazitoa mara moja, nakujua. Lakini jioni ya kwanza huko Mwatate, mashine zikirudi kambini, Bwana Mutiso atauliza, "Haya, leo ni siku namba ngapi?" nawe utaifungua kalenda. Ndipo utakaponikuta.

Sitakuambia uchemshe maji, wala ufunge hema vizuri, wala ujihadhari na vijana wa kambini. Bibi yako atakuwa ameyasema yote hayo leo, na mengine ambayo mimi sithubutu kuyaandika. Mimi nataka kukuandikia kuhusu mafaili.

Cheka ukitaka. Ni siku nyingi sijakusikia ukicheka.

Ulipopata kazi hii ya upimaji wa ardhi ulinijia na daftari na kalamu, ukasema, "Mama, Bwana Mutiso amesema hakuna aliyeyapanga mafaili ya vipimo vizuri kama wewe. Nifundishe." Nikakujibu nina samaki motoni. Ukaja siku nyingine, nikasema kichwa kinaniuma. Ukaacha kuja. Sikuwa na samaki wala kichwa, mama. Tangu baba yako afariki sijayataja majina ya mafaili yale kwa sauti, na nilijua nikianza kukufundisha nitafika kwenye faili la Mkwiro, nami sikutaka kufika huko huku unanitazama usoni. Karatasini naweza. Karatasi haina macho.

Basi nisikilize kama mwanafunzi, halafu nisikilize kama mwanangu.

Mashine ya GPS haina maneno mengi. Unaisimamisha juu ya bikoni, ile nguzo fupi ya saruji ya wapimaji, kwa miguu yake mitatu, unaiunganisha na betri ya gari, inakaa inasikiliza setilaiti zinazopita juu, basi. Haijui iko Mkwiro au iko Ramisi. Haijui nani aliyeisimamisha na alikuwa na huzuni gani. Jioni unayamwaga iliyoyasikia kwenye kompyuta, na hapo wewe ndiye unayeyapa jina: herufi nne za kituo, namba tatu za siku ya mwaka, na namba moja ya zamu, ya kwanza ikiwa ni asubuhi, ya pili ikiwa ni jioni. Kompyuta haipokei zaidi ya hapo. Jua lote lile, mbuzi waliotaka kuangusha antena, watoto waliouliza maswali, vyote vinaingia ndani ya herufi nane. Ndiyo maana kuna karatasi ya kituo. Humo unaandika kwa mkono wako urefu wa antena kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, saa ya kuwasha na saa ya kuzima, na kilichokuwa karibu, mnazi au ukuta au bati la nyumba. Faili lisilo na karatasi yake ni kama mtoto aliyeokotwa sokoni: ni mzima, ana macho mazuri, lakini hawezi kukuambia kwao ni wapi.

Tulikuwa na boma moja kwa kila siku, ndivyo nilivyoyaita yale makabati ya ndani ya kompyuta, na mafaili ya siku ile yalilala humo pamoja. Nakala moja kwenye disketi ilikaa na Mutiso, nyingine ilikaa na mimi, tusilale nazo nyumba moja. Na faili la asili haliguswi jina. Ukikosea, unanakili, unaipa nakala jina sahihi, unaandika kwenye karatasi kwamba ulikosea. Watu huona aibu kuandika kwamba walikosea. Andika, mwanangu. Aibu ya wino hukauka upesi kuliko nyingine zote.

Sasa namba ya siku. Hiyo ndiyo iliyoniangusha, na mzizi wake ni wewe.

Unajua ulivyopata jina lako. Ulizaliwa baada ya isha, na kadi ya kliniki inasema Alhamisi mpaka leo. Lakini bibi yako alikupokea kwenye leso yake akasema, "Magharibi imeshaingia zamani, huyu ni wa Ijumaa, huyu ni Mejumaa." Baba yako Salimu akamwonyesha kadi. Bibi akaitazama kadi kama mtu anayetazama samaki aliyeoza, akasema, "Mwambie aliyeandika aje anifundishe siku." Basi ukawa Mejumaa. Nyumbani kwetu siku ilikuwa inaanza magharibi. Nimekulia hivyo, nimefunga na kufungua hivyo, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu ambao siku yao inaanza katikati ya usiku wamelala.

Wiki ile ya Mkwiro tulikuwa tumepiga kambi Shimoni. Baba yako alikuwa amelazwa hospitali Msambweni na maradhi yake ya figo, nawe ulikuwa kidato cha pili, unatoka shule unampelekea uji. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya Jumamosi nije nikae naye, na Mutiso alikuwa amekubali. Bikoni ya Mkwiro, ng'ambo ya maji, ilitakiwa ipimwe jioni mbili, ili kipimo kimoja kikiwa na kasoro kingine kikisahihishe. Alhamisi tuliwasha baada ya magharibi, kwa kuwa boti ilichelewa. Usiku kambini nikalipa faili jina: Mkwiro, namba ya Ijumaa, zamu ya pili. Mkono wangu haukusita hata kidogo. Kwangu ilikuwa Ijumaa. Ijumaa yenyewe tukafika mapema, tukawasha jua lingalipo, na usiku nikalipa faili jina: Mkwiro, namba ya Ijumaa, zamu ya pili. Kompyuta ikaniuliza kama nataka jipya likae mahali pa la zamani. Nilikuwa nimechoka, nikidhani inaniuliza maswali yake yale ya kila siku. Nikaikubalia. Disketi nilikuwa sijajaza. Mashine nilikuwa nimeshaifuta kumbukumbu yake tangu asubuhi.

Jumamosi Mutiso alifungua kompyuta akiwa anakunywa chai. Akasema, "Mama Mejumaa, hapa Mkwiro naona jioni moja. Ingine iko wapi?"

"Ziko mbili."

"Iko moja. Hii ya jana imekalia ya juzi." Akachukua karatasi zangu za kituo akazisoma. Halafu akaanza kucheka, si kwa ubaya, unamjua alivyo. "Lakini mama, hii juzi umeandika Ijumaa! Kwani wewe leo yako huanza saa ngapi?"

"Magharibi," nikasema.

"Na yangu saa sita ya usiku. Na setilaiti yake ni saa ya Greenwich, saa tisa ya usiku ya hapa. Sasa tuko na leo tatu kwa kambi moja!"

Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, Mejumaa, kwa meno. Ndani nilikuwa nawaka. Nilikuwa mwanamke peke yangu pale, ndiye niliyesifiwa kwa wakubwa waliokuja kukagua, na sasa kipimo cha Mkwiro kimepotea mkononi mwangu.

Nataka usome hapa polepole. Mutiso alisema, "Wewe enda kwa mgonjwa. Nitatuma kijana arudie." Alilisema hilo. Gari lilikuwa linakwenda Msambweni saa ile ile, dereva ameshawasha. Nami nikasema, "Hapana. Nilipoharibu nitatengeneza mwenyewe. Kesho nitakwenda kwa Salimu."

Hakuna aliyenilazimisha. Sikuitwa na kazi, wala na riziki yenu, wala na mtu yeyote aliyekuwa Mkwiro. Niliitwa na aibu ya faili. Niliona haya ya vijana wale watano kuwa kubwa kuliko mume wangu aliyelala kitandani na mtoto wangu aliyekaa kwenye benchi na chupa ya uji. Kubonyeza kile kitufe ni jambo la uchovu, na uchovu nimejisamehe. Lakini gari lile liliondoka na nafasi yangu ikiwa tupu, na mimi nimesimama nalitazama. Hilo sijui nani wa kunisamehe, na sikuandikii ili unisamehe wewe. Nakuandikia kwa sababu jana ulisema, "Baba anakata roho, wewe uko Mkwiro na mshona nguo wako."

Najua umelitoa wapi. Msambweni watu wana midomo. Wanaweka jambo la pili juu ya la kwanza, la kwanza linafutika, halafu wanakuonyesha lililobaki wanasema ndilo hilo hilo.

Bakari sikuwa nimemwona maishani mwangu; zile jioni mbili za kwanza tuliukuta mlango wake umefungwa. Bikoni iko nyuma ya nyumba aliyokuwa akishonea, na alipoona nimekaa juani akaniletea kiti. Akasimama akaitazama antena.

"Mama, hii kamera inapiga picha nini huko juu?"

"Haipigi picha. Inasikiliza."

"Inasikiliza nani?"

"Setilaiti."

"Basi ikisikia habari za mvua tuambie, kuna mtu hapa ana harusi kesho na gauni halijakauka." Akarudi kwenye cherehani yake. Ndiyo maneno yetu yote ya siku ile. Nikavua leso ya juu nikaifunika betri isichomwe na jua, nikakaa nikiwaza kwamba kesho nitamletea baba yako maembe mabivu, maana alikuwa ameyatamani.

Baada ya magharibi niliona boti inakuja, na ndani yake Mutiso. Unamjua Mutiso. Yeye akikuta dimbwi huvua soksi kwanza. Jioni ile aliruka majini na viatu vyake akaja mbio mchangani, na kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshasimama. Akasema, "Pole, mama. Pole sana. Twende." Nikamwuliza ilikuwa saa ngapi, swali la kipumbavu, sijui kwa nini niliuliza. Akasema, "Jua likizama." Mkono wangu ukaenda kwenye mashine uizime. Miaka yote ile ya kufundishwa, mkono ulikwenda wenyewe, na vidole havikuona kitufe. Ndipo huyu mshona nguo akasema kutoka mlangoni kwake, "Nendeni. Mimi nitakaa nayo. Si kukaa tu?"

Alikaa, mwanangu. Hakuna aliyekumbuka kumwambia jinsi ya kuizima, basi hakuizima. Alikaa nayo usiku kucha akifukuza mbuzi, mpaka betri ikafa karibu na alfajiri. Vijana walipoifuata walimkuta amelala mchangani kando yake. Mutiso aliniambia baadaye kwamba lile ndilo faili refu kuliko yote yaliyopimwa kusini. Lilianza alasiri ya Jumamosi, likavuka magharibi ya bibi yako, likavuka saa sita ya usiku ya Mutiso, likavuka na saa ya Greenwich. Akaniuliza, kwa adabu, tulipe siku gani. Nikamwambia kanuni: faili linaitwa kwa siku lilipoanza, hata likamalizikia wapi.

Nimeifikiria sana kanuni hiyo tangu niolewe. Nimejiuliza, kama ndoa yangu na Bakari ni faili, niliandike siku gani? Wewe umeliandika jioni ile. Nakuelewa, kwa kuwa alikuwapo. Lakini mimi niliyekuwa ndani nakuambia mashine haikuwa imewashwa. Nilikaa eda yangu, nikaitoka, nikarudi kazini, nikaiacha kazi, na sura yake hata ningeulizwa nisingeikumbuka. Wewe ndiye uliyemfungulia mlango, zaidi ya mwaka baadaye, ulikuwa kidato cha nne. Ulikuja jikoni ukasema, "Mama, kuna mtu ana kifurushi anamwulizia Mama Mejumaa." Ilikuwa leso yangu ile ya kwenye betri. Alikuwa ameifua, na kwa kuwa upindo wake ulikuwa umefumuka alikuwa ameushona upya, mishono midogo midogo mpaka nikatafuta miwani. Wewe ndiye uliyempa chai. Akasema chai yako imekolea hiliki kama ya mamake. Ukatabasamu, nilikuona. Siku ile, Mejumaa. Ukitaka kuandika, andika siku ile, nawe ulikuwapo ni shahidi.

Naona haya kukuandikia haya, lakini nitayaandika, maana moyo wangu umejaa pande zote mbili na siwezi kumimina upande mmoja tu. Nina furaha, mwanangu. Nina furaha ya kipumbavu ya msichana wa shule. Ananiita laazizi mbele ya wateja, mpaka yule mama wa sare za shule anageuka ukutani acheke. Amenishonea gauni la kijani bila kunipima, akasema amenipima kwa macho tangu zamani, na likakaa, wallahi likakaa kama maji! Asubuhi huimba akitia uzi kwenye sindano, sauti yake mbaya jamani, kama mlango unaotaka mafuta, nami hulala nikiisikiliza na kuomba uzi ukatike aanze tena. Sikujua kwamba umri huu una mambo haya. Halafu namkumbuka baba yako, alivyokuwa akirudi kutoka kiwanda cha sukari cha Ramisi ananukia molasi, alivyobeba baiskeli za watu begani akazitengeneze baada ya kiwanda kufungwa, na nalia ndani ya furaha ile ile, na Bakari haulizi. Anapunguza mwendo wa cherehani tu.

Nilidhani ukiniona nina furaha nawe utapumzika. Nilidhani nyumba itakuwa na kelele tena. Nikakuletea baba wa kambo, sufuria mpya na mapazia, na sikukuuliza neno moja. Na hapo ndipo penye kosa langu ambalo hata wewe jana hukulitaja, labda hujalipatia jina.

Mejumaa, sijawahi kukuuliza jioni ile ilikuwaje.

Nilifika usiku, nikakukuta umekaa kwenye benchi nje ya wodi na ile chupa ya uji, nikakuangukia nikalia. Mimi ndiye niliyelia. Wewe ulinishika mgongo. Kesho yake mazishi, wanawake wamejaa, kila mtu ananipa pole mimi, mjane, nawe unapita na sinia la kahawa. Siku zikaenda. Kila ulipotaka kufungua mdomo nilikuwa naweka la kwangu juu yake: aibu yangu, eda yangu, kazi yangu, na mwisho harusi yangu. Nilikalia jioni yako kama lile faili la Ijumaa lilivyokalia la Alhamisi, na sikuona hata swali likitokea. Msichana wa kidato cha pili alimwona babake akiondoka, peke yake, na mpaka leo anaondoka nyumbani mamake hajamwuliza.

Sijui Salimu alisema nini. Sijui kama aliuliza niko wapi, na kama aliuliza, ulimjibu nini. Nimeishi miaka yote hii bila kujua, na sikuuliza kwa kuwa niliogopa jibu. Bikoni ya Mkwiro iko pale pale. Ningeweza kurudi hata leo kuipima. Jioni ya baba yako haipimwi mara ya pili. Imebaki nakala moja tu duniani, nayo ni wewe, na kesho asubuhi inapanda gari kwenda Mwatate na kusema hairudi.

Nimeacha kuandika kidogo. Adhana ya magharibi ndiyo hiyo. Nimeisikia kwa hofu, mwanangu, sijapata kuisikia hivi. Kwa hesabu ya bibi yako siku imeshageuka. Tayari ni siku ya kuondoka kwako, na wewe bado uko njiani kutoka Matuga. Maisha yangu yote nimeishika hesabu hiyo na kuitetea, lakini leo naikana. Leo nachukua ya Mutiso, mpaka saa sita ya usiku uwe bado binti wa nyumba hii. Na ikifika saa sita nitahamia ya Greenwich, nipate mpaka saa tisa. Baada ya hapo sina saa nyingine ya kukimbilia.

Ukirudi utanikuta nimepika wali wa nazi na kisamvu. Hatutazungumza haya, nakujua na unanijua. Utasema bibi anakusalimu, nitasema alhamdulillahi. Bakari atakuuliza kama begi lina mshono mzuri, nawe utamjibu kwa neno moja. Jana usiku, hukujua, aliushona upya ule mkanda wa begi uliokuwa unafumuka. Aliniambia nisikuambie. Nakuambia, kwa kuwa nimechoka na mambo yanayofutwa kabla hayajasomwa. Humpendi, na sikuombi umpende. Nakuomba usimweke kwenye siku ambayo si yake.

Wala sikuombi unieleze leo habari ya baba yako, wala kwa barua. Huenda hutaki kunipa kamwe, na ni yako. Lakini hutakaa huko Mwatate ukidhani sitaki kuijua. Ndilo neno lililokataa kutoka mlangoni jana: nataka kuijua yote, hata mahali jina langu lilipotajwa kwa ubaya.

Umesema hurudi. Sawa. Nyumba haiwezi kukufuata, ina kuta. Mimi nina miguu. Kabla mwezi huu haujaisha nitapanda basi la Voi nije Mwatate, peke yangu, na lile gauni la kijani nitaliacha nyumbani. Nitakaa nje ya kambi kwenye kiti chochote watakachonipa mpaka umalize kumwaga mashine, uyape mafaili yote majina yake, ujaze disketi zote mbili. Sitakuharakisha. Ukitaka kuzungumza tutazungumza, ukitaka kunyamaza nitanyamaza nawe, safari hii nikiwa hapo hapo ulipo.

Basi la kule huchelewa, huenda nikafika jua limeshazama. Ukiniona natokea gizani, Mejumaa, usinihesabu wa kesho. Niandike leo.

Mamako